Unene si afya: somo la kutunza uzito wa ng'ombe wa maziwa anayefugwa bandani



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo si rahisi kulitambua tunapotembelea miradi ya ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akikonda, kila mtu huona. Mbavu zikianza kuhesabika, kamati huuliza maswali, mfugaji hujieleza, na msaada wa chakula hutafutwa. Lakini ng'ombe akinenepa, hakuna anayeuliza. Mgeni hufurahi, picha hupigwa, na taarifa huandikwa kwamba mradi unaendelea vizuri. Hali halisi ni kwamba ng'ombe wa maziwa aliyenenepa kupita kiasi yuko katika hatari, na hatari hiyo hujitokeza siku ya kuzaa, wakati familia inatarajia ndama na maziwa.

Katika utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, hasara hiyo haiishii katika kaya moja. Utaratibu huu ulienezwa duniani na kazi iliyoanzishwa mwaka 1944 na Dan West, mkulima wa Marekani, aliyeona kuwa ni heri kumpa mtu ng'ombe kuliko kumpa kikombe cha maziwa. Familia inayopokea mtamba hudaiwa mtamba wa kwanza atakayezaliwa, na huyo huenda kwa familia inayofuata katika orodha. Ng'ombe akifa wakati wa kuzaa, au asiposhika mimba mwaka mzima, kuna familia nyingine inayosubiri ambayo hukosa zamu yake. Hivyo basi, uzito wa ng'ombe mmoja ni suala la kamati nzima.

Lengo la somo

Baada ya somo hili tunatumaini kila kamati itaweza:
1. Kueleza kwa nini ng'ombe wa bandani hunenepa kupita kiasi, na unene huo unavyodhuru.
2. Kupima hali ya mwili wa ng'ombe kwa mkono na kwa kamba, bila mashine.
3. Kumshauri mfugaji namna ya kulisha kufuatana na hatua aliyopo ng'ombe.
4. Kupanga fedha za chakula kwa namna inayomsaidia ng'ombe badala ya kumnenepesha tu.

Kwa nini ng'ombe wetu hunenepa

Wafugaji wetu wengi wako pembezoni mwa Dar es Salaam: Bunju, Boko na Wazo kwa upande wa Kinondoni, Goba na Kimara kwa upande wa Ubungo, Chamazi na Toangoma kwa upande wa Temeke, Kibada na Somangila kwa upande wa Kigamboni. Huku viwanja ni vidogo na nyumba zinaongezeka kila mwaka. Malisho ya wazi hayapo tena. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 nazo zilielekeza ng'ombe wa mjini wafugwe ndani, na wasizidi wanne kwa mfugaji mmoja. Kwa hiyo ng'ombe hushinda na hulala bandani, akiletewa majani yaliyokatwa kando ya barabara, mabondeni au kwenye viwanja visivyojengwa.

Ng'ombe wa namna hii hatembei. Mwenzake wa kijijini hutembea kilomita kadhaa kwa siku kutafuta majani na maji, na nguvu nyingi za chakula huishia miguuni. Ng'ombe wa bandani hupiga hatua chache tu kati ya hori na mahali pa kulala. Chakula kisichotoka kama maziwa, na kisichotumika kwa ndama aliye tumboni, hugeuka mafuta.

Sababu ya pili ni damu ya ng'ombe mwenyewe. Wengi wa ng'ombe wetu ni chotara wa Friesian, Ayrshire au Jersey na zebu wa kienyeji au Boran. Damu ya zebu imewasaidia kustahimili joto na magonjwa, lakini pia imewarithisha tabia ya kujiwekea akiba. Zebu alizoea nchi ya kiangazi kirefu. Mvua zikinyesha hula na kuhifadhi mafuta, na kiangazi kikija huyatumia. Bandani kiangazi hicho hakiji, kwa sababu mfugaji hununua pumba mwaka mzima. Ndiyo maana ng'ombe wawili wanaweza kula chakula kilekile, mmoja akakigeuza maziwa na mwingine akakigeuza mafuta. Huyu wa pili si mvivu wala si mgonjwa. Yeye huhitaji kulishwa kwa kipimo chake.

Hali hii haiko kwetu tu. Huko Uingereza kuna farasi wadogo ambao asili yao ni milima na visiwa vyenye majani haba, kama wale wa Shetland na Exmoor. Wakiwekwa kwenye malisho mazuri hunenepa kwa majani peke yake, na wengi huugua kwato hadi kushindwa kusimama. Wafugaji wao hupunguza saa za malisho na kupima mzingo wa kifua kwa kamba kila baada ya wiki chache. Punda naye yuko hivyohivyo. Mnyama aliyezoea dhiki hudhurika akipewa neema bila kipimo.

Sababu ya tatu ni pumba. Pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, ya pamba na ya nazi, pamoja na machicha ya viwanda vya bia, vyote hupatikana Dar es Salaam kuliko majani mazuri. Wafugaji wengi humwekea ng'ombe ndoo ya pumba wakati wa kukamua ili atulie. Maziwa yanaposhuka kutoka lita 12 hadi lita 4, ndoo hubaki ileile, kwa sababu ng'ombe amezoea na mkamuaji naye amezoea. Wakati wa masika majani yanapojaa kila mahali, ndoo hubaki ileile pia. Hapo ndipo unene unapoingia polepole, bila mtu kuutambua.

Unene unavyodhuru

Mwanakamati anaweza kuuliza: kama ng'ombe ana akiba mwilini, si atatoa maziwa zaidi akizaa? Akiba kidogo inahitajika kweli. Ng'ombe anapozaa, maziwa hupanda haraka kuliko hamu yake ya kula, kwa hiyo wiki za mwanzo hutumia mafuta ya mwili wake. Tatizo ni akiba ikizidi. Ng'ombe aliyezaa akiwa mnono hula kidogo kuliko mwenzake mwenye mwili wa wastani, na mafuta yake huyeyuka mengi kwa mara moja. Mafuta hayo huenda kwenye ini, na ini likizidiwa ng'ombe huugua.

Madhara ambayo kamati inapaswa kuyajua ni haya:

Kuzaa kwa shida. Mafuta hujaa kwenye njia ya uzazi na kuibana. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza. Ndama anaweza kufia njiani, na mama naye akafa au akaumia asishike mimba tena.

Homa ya maziwa. Huja mara nyingi ndani ya siku tatu baada ya kuzaa, madini ya kalsiamu yanapopungua ghafla kwenye damu. Ng'ombe hushindwa kusimama, masikio huwa ya baridi, na shingo hupinda kuelekea ubavuni. Huyu anahitaji daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Akicheleweshwa hufa.

Kukataa pumba baada ya kuzaa. Ng'ombe hula majani kidogo lakini huacha pumba, maziwa hushuka, mwili hukonda haraka, na pumzi yake huwa na harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva sana. Hii ni dalili kwamba mafuta yanayeyuka kuliko uwezo wa ini.

Kondo la nyuma kubakia, na ugonjwa wa kiwele. Vyote viwili huonekana zaidi kwa ng'ombe walionenepa kupita kiasi.

Kuchelewa kushika mimba. Hapa kuna mduara ambao kamati nyingi zitautambua. Ng'ombe mnono huchelewa kurudi kwenye joto, au hupandishwa mara mbili tatu bila kushika. Kwa kuwa hana mimba, huendelea kukamuliwa miezi mingi kwa maziwa machache. Kwa kuwa anakamuliwa, huendelea kupewa pumba. Kwa kuwa maziwa ni machache, pumba hugeuka mafuta, na mwaka unaofuata huwa mnono zaidi.

Kwato kuuma. Pumba nyingi na majani machache hufanya tumbo liwe na tindikali. Matokeo yake huonekana miguuni: ng'ombe huchechemea, husimama kwa kujikunyata, na hulala muda mrefu.

Kuelemewa na joto. Hali ya hewa ya pwani yenyewe ni mzigo kwa ng'ombe wenye damu ya Ulaya. Mafuta chini ya ngozi huzuia joto kutoka. Ng'ombe mnono hupumua kwa haraka mchana, na hula kidogo wakati anapohitajiwa ale.

Kupima kwa mkono

Tumbo kubwa si kipimo cha unene. Ng'ombe mwenye minyoo anaweza kuwa na tumbo kubwa huku uti wa mgongo umechomoza. Ng'ombe aliyekula mifuko ya plastiki iliyochanganyika na majani ya kando ya barabara anaweza kuonekana ameshiba siku zote, kumbe tumbo limejaa takataka. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki bado zimo katika majani, na mfugaji lazima ayachambue kabla ya kuyaweka horini.

Kipimo sahihi ni mifupa. Wataalamu wa ng'ombe wa maziwa hutumia alama 1 hadi 5. (Kwa zebu halisi ipo pia alama 1 hadi 9, ambayo mwongozo wake ulitolewa mwaka 1986 na kituo cha kimataifa cha mifugo kilichokuwa Addis Ababa. Kwa chotara wetu wa maziwa, alama 1 hadi 5 zinatosha.) Simama nyuma ya ng'ombe, halafu ubavuni. Bonyeza kwa vidole sehemu nne: mbavu za nyuma, mifupa mifupi ya kiunoni, nyonga, na pande mbili za shina la mkia.

Alama 1: Mifupa yote imechomoza. Kuna shimo refu pande zote mbili za mkia. Ng'ombe amekonda sana.

Alama 2: Mifupa inaonekana kwa macho, lakini kuna nyama kidogo. Shimo la mkia ni la wastani.

Alama 3: Mifupa haichomozi, lakini ukibonyeza kidogo unaisikia. Pande za mkia ni laini, hakuna shimo wala vinundu vya mafuta.

Alama 4: Lazima ubonyeze kwa nguvu ndipo usikie mifupa. Mafuta yamejikunja kuzunguka shina la mkia.

Alama 5: Mifupa haisikiki hata ukibonyeza. Shina la mkia limezama ndani ya mafuta.

Nusu alama inaruhusiwa, mathalani 2.5 au 3.5. Siku ya kuzaa ng'ombe awe kati ya 3 na 3.5. Mwezi mmoja au miwili baada ya kuzaa atapungua, na hilo ni la kawaida, ila asishuke chini ya 2.5. Wakati wa kukaushwa awe tayari kati ya 3 na 3.5. Akifika 4 au zaidi, kamati ichukue hatua.

Watu wawili wampime ng'ombe yuleyule, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wakitofautiana kwa alama nzima, warudie pamoja. Baada ya ng'ombe watano au sita mikono huzoea.

Kupima kwa kamba

Mkono unaeleza mafuta. Kamba inaeleza uzito, na faida yake kubwa ni kuonyesha mabadiliko. Tumia futi kamba ya fundi cherehani. Ikiwa fupi, tumia kamba isiyovutika, kisha uipime kwa rula. Ng'ombe asimame sawa kwenye sakafu tambarare, kichwa kikiwa mbele.

Pima mzingo wa kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Vipimo viwe vya sentimita, na jibu litakuwa kilo.

Mfano: mzingo ni sentimita 165 na urefu ni sentimita 140. 165 mara 165 ni 27,225. Mara 140 ni 3,811,500. Gawanya kwa 10,840, unapata takribani kilo 352.

Ng'ombe huyohuyo akipimwa tena na mzingo ukawa sentimita 170, uzito umefika takribani kilo 373. Sentimita tano tu ni zaidi ya kilo 20. Jicho la mtu anayemwona ng'ombe kila siku haliwezi kuona tofauti hiyo, lakini kamba inaiona. Kumbuka kuwa hesabu hii ni ya kukadiria, na mimba kubwa huibadilisha. Kwa hiyo kamba isitumike peke yake. Itumike pamoja na alama ya mkono.

Kulisha kwa hatua

Kanuni ya kwanza: majani ndiyo chakula, pumba ni nyongeza. Ng'ombe huhitaji majani mabichi ya takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa siku, au zaidi kidogo. Wa kilo 350 ahitaji kilo 35 hadi 40 angalau, na anayekamuliwa apewe mengi kadiri anavyoweza kula. Mabingobingo yakatwe yakiwa machanga, kabla hayajawa magumu kama miwa. Maji yawepo saa zote. Ng'ombe anayekamuliwa katika joto la pwani hunywa lita 50 hadi 80 kwa siku, na akikosa maji hata majani hayali vizuri. Jiwe la chumvi lenye madini liwepo mahali asipolilowesha kwa mkojo.

Kanuni ya pili: pumba zipimwe kwa kilo. "Ndoo moja" ya pumba nyepesi si sawa na ndoo moja ya mashudu. Nenda na ndoo yako dukani mara moja, ipimwe kwenye mizani, kisha tia alama ya rangi kwa ndani kuonyesha kilo 1, 2 na 3.

Hatua ya kwanza: tangu kuzaa hadi mwezi wa tatu au wa nne. Huu si wakati wa kubana. Ng'ombe apewe majani bora na pumba zilizochanganywa na mashudu kufuatana na maziwa. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba majani mazuri hutosha kwa lita 5 au 6 za kwanza, na kila lita 2 zinazozidi huhitaji kilo 1 ya mchanganyiko. Ng'ombe wa lita 12 apewe takribani kilo 3, zigawanywe asubuhi na jioni.

Hatua ya pili: katikati na mwisho wa kukamuliwa. Hapa ndipo uzito unaporekebishwa. Maziwa yakishuka, pumba zishuke pamoja nayo. Ng'ombe wa lita 4 mwenye alama 4 hahitaji pumba za mahindi. Ili atulie wakati wa kukamuliwa, mwekee majani yaliyokatwakatwa, yenye konzi ya mashudu au pumba juu yake kwa ajili ya harufu tu. Ng'ombe mwenye alama 2.5 katika hatua hii aongezewe, kwa sababu ni rahisi kumrudishia mwili akiwa bado anakamuliwa kuliko baadaye.

Hatua ya tatu: kukaushwa. Ng'ombe hubeba mimba siku 280 hivi, na akaushwe siku 60 kabla ya kuzaa. Akiwa na alama 3 au zaidi, wiki tano za kwanza apewe majani na madini tu. Wafugaji wengi hufanya kinyume, humwongezea pumba kwa kuwa "ana mtoto tumboni". Nia ni njema, lakini sehemu kubwa ya chakula hicho humnenepesha mama.

Hatua ya nne: wiki mbili hadi tatu za mwisho. Anza kumpa pumba kidogo kidogo, nusu kilo hadi kilo 1 au 2, ili tumbo lizoee chakula atakachokula baada ya kuzaa. Usimwongezee chokaa wala majani ya jamii ya mikunde kwa wingi wakati huu, kwa sababu kalsiamu nyingi kabla ya kuzaa huongeza hatari ya homa ya maziwa.

Mtamba naye asisahaulike. Mtamba anayenenepeshwa kwa pumba kabla ya kubalehe hujaza mafuta kwenye kiwele mahali palipopaswa kuwa na tezi za maziwa, na hasara hiyo hubaki naye. Mtamba anayesubiri kukabidhiwa kwa familia nyingine hunenepeshwa mara nyingi ili apendeze siku ya sherehe. Tunaomba kamati zilikatae jambo hili. Mtamba wa alama 3 ndiye zawadi nzuri.

Ng'ombe akiwa amekwisha kunenepa

Usimfungishe. Hili tunalisisitiza. Ng'ombe mnono mwenye mimba kubwa akinyimwa chakula ghafla, mafuta huyeyuka kwa wingi na kujaa kwenye ini kabla hata hajazaa. Ugonjwa ni uleule tuliotaka kuuepuka. Akiwa amekwisha kukaushwa na ana alama 4, lengo ni asiongezeke, wala si apungue. Mpe majani ya kutosha ambayo hayana utajiri mwingi, yaani yaliyokomaa kidogo au makavu, maji na madini. Mwarifu mapema Afisa Mifugo wa kata au daktari wa mifugo tarehe inayotarajiwa ya kuzaa, na namba yake ya simu iwe imebandikwa bandani. Wakati wa kuzaa asiachwe peke yake.

Akiwa bado anakamuliwa, punguza pumba polepole kwa wiki mbili hadi tatu. Muda ukiruhusu na pakiwepo uwanja mdogo wenye uzio, aachwe atembee asubuhi na jioni wakati jua limepungua. Majani mengi yawekwe jioni na usiku, maana ng'ombe wa pwani hula vizuri kukiwa na ubaridi.

Akinenepa na asishike mimba, msimhukumu kuwa tasa kabla hajachunguzwa. Ziko sababu nyingine za kutoshika mimba, zikiwemo magonjwa na kukosea saa ya kupandisha au kuhimilisha. Sampuli zinaweza kupimwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, Temeke, mahali ambapo wafugaji wa zamani walipajua kwa jina la ADRI.

Kazi ya kamati

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila ng'ombe wa mradi awe na kadi moja yenye safu sita: tarehe, mzingo wa kifua, alama ya mwili, lita za maziwa kwa siku, kilo za pumba kwa siku, na tarehe ya kupandishwa au kukaushwa. Kadi ijazwe mara moja kwa mwezi. Kazi hii haizidi nusu saa kwa ng'ombe mmoja.

Aliyejaza kadi kwa miezi mitatu ataona mambo ambayo maneno hayaonyeshi. Lita zikishuka huku kilo za pumba zikibaki palepale na mzingo ukiongezeka, hakuna haja ya kubishana. Kadi imesema.

Namna ya kuzungumza na mfugaji nayo ni muhimu. Mama aliyeamka alfajiri kukata majani na kutumia fedha yake kwa pumba hastahili kuambiwa kuwa amemharibu ng'ombe. Tena mtu mzima asifundishwe na kijana wa kamati mbele ya majirani. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, mwombe akushike mkono akuonyeshe mwenyewe: "Mama, hebu tubonyeze hapa pamoja, unasikia mfupa?" Akipima kwa mkono wake, uamuzi wa kupunguza pumba utakuwa wake. Zaidi ya hapo, utakuwa umemwokolea fedha, na hilo kila mtu hulipokea.

Neno kwa wafadhili

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Wengi wenu mmekuwa mkiuliza kama ng'ombe wanashiba, na mmekuwa tayari kuchangia magunia ya pumba. Tunawaomba jambo moja: fedha za chakula zisitolewe kwa kiwango kilekile kwa kila ng'ombe mwaka mzima. Ng'ombe aliyezaa mwezi uliopita anahitaji zaidi. Ng'ombe aliyekaushwa akiwa na alama 3.5 hahitaji gunia. Gunia lililotolewa kwa wema kwa ng'ombe asiyelihitaji linaweza kuwa chanzo cha kupoteza ndama.

Fedha hiyohiyo inaweza kufanya kazi kubwa zaidi ikinunua mashine ya kukatakata majani kwa ajili ya kaya kadhaa, vipando vya mabingobingo, bati la kivuli, tangi la maji, au huduma ya daktari wakati wa kuzaa. Aidha, mnapopokea taarifa, msitosheke na picha ya ng'ombe mnono. Ombeni nakala ya kadi. Swali "ana alama ngapi, na atazaa lini?" litawaeleza hali ya mradi kuliko picha kumi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ng'ombe wangapi wa mradi wetu wamepimwa kwa mkono mwezi huu? Wangapi wana alama 4 au zaidi?
2. Ni ng'ombe gani wanaotarajiwa kuzaa ndani ya miezi mitatu ijayo, na kila mmoja anakula kilo ngapi za pumba leo?
3. Je, yupo ng'ombe anayekamuliwa zaidi ya mwaka mmoja bila mimba? Kadi yake inaonyesha nini?
4. Familia inayofuata katika orodha inamsubiri mtamba wa nani, na mama wa mtamba huyo ana hali gani?
5. Msaada wa chakula tunaotoa umepangwa kwa hatua ya ng'ombe au kwa usawa wa kaya?

Zoezi la robo hii: kamati ichague ng'ombe watatu, mmoja anayekamuliwa, mmoja aliyekaushwa na mtamba mmoja. Wapimwe kwa mkono na kwa kamba, na wapimwe tena baada ya mwezi mmoja. Matokeo yasomwe katika kikao mbele ya wafugaji wenyewe, ili kila mmoja aone kamba imesema nini.

Tunawatakia kazi njema, na ndama wenye afya.